Samaki Aliyewekwa Kando

Jiwe juu ya jiwe. Kwa miaka mingi huo ndio mlio uliomwamsha Nyanchera alfajiri: jiwe dogo likisugua jiwe kubwa, wimbi likisagika katikati, mikwaruzo mitatu mirefu na mmoja mfupi, halafu kimya kidogo cha mkono unaokusanya unga. Kila msagaji ana mwendo wake, na huo ulikuwa mwendo wa binti yake, Bochaberi. Nyanchera alikuwa akiusikiliza amefumba macho, kama mtu anayeota moto asijue kwamba kuna siku atalala na baridi.

Asubuhi moja jiwe halikulia. Alidhani labda unga wa jana umebaki. Alidhani ni mvua. Jogoo akawika tena, ng'ombe wa jirani wakatolewa zizini, na upande wa pili wa ukuta wa udongo kukabaki kimya, naye akajua kabla hajaweka mguu chini kwamba mtoto ameondoka.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, mwendo mfupi kutoka Ekerenyo. Mbele palikuwa na migomba, nyuma pareto, na pembeni kipande cha chai changa ambacho mume wake alikipanda mwaka wa Uhuru na kukitunza kuliko alivyokitunza kifua chake. Watoto wawili wa kiume walikuwa wamelala chini ya migomba hiyo tangu uchanga wao. Bochaberi peke yake ndiye aliyekua.

Aliondoka na Joash. Joash alikuwa kijana wa Kijaluo kutoka Kendu Bay, baharia katika meli za ziwani, Msabato kama wao. Walikutana Nyanchwa kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa ambapo watu wa milimani na watu wa ziwani hulala kwenye mahema na kuimba pamoja. Kwa dini hakuwa na kasoro. Kwa kabila, wazee wangenung'unika kisha wangezoea. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hakuwa na ng'ombe wa mahari. Miaka ile ziwa lilikuwa limefura, likameza mashamba na malisho ya watu wa ufukweni, na mifugo ya baba yake ikauzwa mmoja mmoja ili watu wale. Joash alipanda mlima kuja kuomba subira. Alipopanda mara ya pili aliteremka kwa aibu, akiwa hakupewa hata kiti, na haukupita muda Bochaberi akamfuata.

Mume wa Nyanchera alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini ambaye hata mbwa alimfukuza kwa kumsihi. Lakini siku ile alisimama mlangoni, ndugu yake Obwocha akiwa shahidi, akaapa. Alisema kinywa cha nyumba hii kisimguse yule msichana. Asisalimiwe, asiulizwe habari, mpaka ng'ombe wasimame katika ua huu. Na atakayelivunja neno hili, madhara yasimpate yeye, yarudi kwa kile ambacho msichana atakibeba tumboni.

Mchungaji alipopata habari alikuja mbio, akamkalisha mzee mwenzake wa kanisa chini na kumuuliza kama hayo ni maneno ya mtu aliyebatizwa. Mzee alikubali kwamba hasira ilimshinda. Akaahidi kuliondoa neno lake mbele ya watu wale wale waliolisikia. Lakini kifua kilimwahi. Alizikwa kabla hajawakusanya, na neno likabaki pale pale mlangoni alipoliacha. Kiapo cha mtu aliye hai huondolewa na mwenyewe. Cha marehemu, nani atamfuata huko aliko akamwombe?

Nyanchera aliamini kwamba damu ya Yesu inavunja kila laana. Aliimba hivyo kila Sabato, na akiimba hakuwa akidanganya. Ila kuimba ni kwa mtu mwenyewe, na kiapo kile hakikumlenga yeye. Kilimlenga mtoto ambaye hajazaliwa. Nani acheze na kitu cha namna hiyo?

Basi akabaki na nyumba. Ugali wa mtu mmoja ni mgumu kupika, huungua kabla haujaiva. Jioni alikuwa akifunga mlango mapema, si kwa kuogopa wezi, ila kwa sababu mlango ulio wazi hungoja mtu. Wimbi lake alilipeleka kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa imeletwa Ekerenyo, akasimama foleni na wanawake wengine, na mashine ilipokuwa ikinguruma alishukuru kwamba haina mwendo wa mtu yeyote.

Aliyemletea habari ni Orpah, mke wa Obwocha. Orpah hakuwa na ubaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Lililoingia sikioni asubuhi lilikuwa limelala katika nyumba tatu ifikapo jioni. Alikuwa akichuuza ndizi hadi ziwani, na siku moja, wakipalilia mashamba yaliyopakana, alisema bila kuinua kichwa, bila kutaja jina, kwamba amemwona mtu sokoni Kendu Bay anauza samaki. Akapiga jembe mara kadhaa kisha akaongeza kwamba mtu huyo amekonda.

Siku ya soko iliyofuata Nyanchera alikata mkungu wa ndizi, akaupanga vichana vichana kwenye kapu, akafuatana na wanawake wa mlimani. Waliteremka kwa miguu gizani hadi barabara kubwa ya Oyugis, wakapanda lori. Kadiri lori lilivyoshuka ndivyo hewa ilivyokuwa nzito na vuguvugu, migomba ikapungua, udongo mwekundu ukageuka mweusi, hadi ziwa likaonekana, pana, limetulia, rangi ya sufuria kuukuu.

Soko lilikuwa karibu na maji, chini ya maduka ya Wahindi. Upande mmoja walikaa watu wa milimani na ndizi, viazi vitamu, wimbi na kuku waliofungwa miguu. Upande wa pili walikaa watu wa ziwani na vyungu, kamba za katani, mikeka ya mafunjo, na samaki. Samaki walikuwa kila mahali. Wapo waliokaushwa juani hadi wakawa kama vipande vya mbao, wapo waliobanikwa moshini, wapo wabichi waliokuwa bado wanafungua midomo juu ya majani. Korongo warefu wenye vipara walizunguka nyuma ya wauzaji kama wazee wa baraza wanaongoja chai. Biashara nyingi zilikuwa za kubadilishana tu: kichana hiki kwa samaki yule, debe hili kwa chungu kile, na maneno yaliyotosha kwa kazi hiyo yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu Kigusii, lugha ya milimani, hakikujulikana huku wala Kijaluo hakikujulikana kule.

Bochaberi alikuwa ameketi juu ya gunia, mbele yake ngege wabichi, wale samaki wapana wa magamba. Alikuwa amekonda kweli. Mkono uliokuwa ukisaga wimbi ulikuwa ukifukuza nzi kwa tawi. Aliinua uso, akamwona mama yake, akaacha tawi likaanguka, akaanza kunyanyuka.

Nyanchera alirudi hatua nyuma. Hakujua atafanya nini mpaka alipokuwa ameshafanya. Njia nzima alikuwa akiwaza neno la mume wake, kinywa cha nyumba hii, na sasa lilimjia kwamba kinywa cha nyumba ile kilikuwa Kigusii. Ndicho walichosali kwacho, ndicho walichogombana kwacho, ndicho wavulana wawili walichobembelezwa kwacho kabla ya kulala moja kwa moja. Kiswahili kilikuwa cha polisi na cha Wahindi na cha soko. Hakikuwa cha nyumba ya mtu. Akanyoosha kidole.

"Hii samaki," akasema, "bei gani?"

Bochaberi alibaki nusu amesimama nusu ameketi. Siku ile ya kiapo alikuwa ameshaondoka, ila bila shaka aliwahi kusimuliwa. Kwa vyovyote kiapo alikijua. Uso wake ulifunguka kidogo, kisha ukajifunga kama ua la pareto jua linapotua. Akakaa.

"Hii ni ya kubadilisha na ndizi, mama," akasema. Na neno hilo, mama, ni neno ambalo muuzaji yeyote humwitia mwanamke yeyote aliyemzidi umri.

Walibadilishana. Ndizi kwa samaki. Wanawake wote wa Kigusii waliokuwa sokoni waliona, wakatazama makapu yao. Orpah alitazama pia, na jioni Obwocha alipomuuliza alisema kweli tupu, kwamba yule mama alinunua samaki akarudi. Obwocha akafikiri sana, akikuna kidevu, asipate mahali pa kushika.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hivyo ndivyo ilivyoendelea. Nyanchera aliteremka kila soko alipoweza, masika na kiangazi, kwenda kuzungumza na mwanawe kwa maneno ya mteja.

Shida ni kwamba maneno yenyewe hakuwa nayo. Hakusoma shule. Kiswahili chake kilikuwa cha vidole vya mkono: hii, ile, ngapi, punguza, iko, hapana. Unamuulizaje mtoto wako kama mume wake ni mpole kwa maneno hayo? Akaanza kwenda kwa Mwalimu Thadeus, jirani aliyefundisha shule ya msingi, akimkuta anarudi jioni na baiskeli yake. Alikuwa akimuuliza neno moja moja kana kwamba anaomba chumvi. Kuvuja kunaitwaje? Mtu akikosa usingizi husema nini? Neno la kichefuchefu ni lipi? Thadeus alimfundisha, na siku moja akacheka, akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Mama, unataka kugombea udiwani?" akamuuliza. "Niambie mapema nikupigie kura."

"Nataka kununua samaki," Nyanchera akasema.

"Samaki gani huyo anayekosa usingizi?"

Akaaga, akaenda zake. Lakini njiani kuelekea Oyugis, gizani, mkungu kichwani, alikuwa akiyarudia maneno yake mapya moja baada ya jingine, midomo ikicheza bila sauti, na wenzake wakadhani anasali.

Akifika alisimama mbele ya gunia na kuyatumia. "Samaki inalala wapi?" aliuliza mara moja, akimgeuza ngege upande huu na huu. "Nyumba haivuji?"

Bochaberi hakucheka. "Nyumba ni ya bati, mama. Haivuji."

"Mwenye mtumbwi iko mzuri? Hapigi samaki?"

"Hapigi. Ni mpole."

"Basi," Nyanchera akasema. "Pima."

Kando ya Bochaberi aliuza mwanamke mnene aitwaye Persis, Mjaluo, mwenye jino moja la mbele lililovunjika na kicheko kilichosikika hadi gatini. Persis alimwita Bochaberi nyar Kisii, binti wa Kisii, na kumwita Nyanchera mama wa ndizi. Mazungumzo ya hawa wawili yalimkosesha Persis raha. Alishangaa kwa sauti kwamba watu wa Kisii ni wachaguzi sana, hata nyumba ya samaki wanataka kuikagua. Mara nyingine aliuliza kwa nini hawa wawili hawasemi lugha yao. Si ni watu wa mlima mmoja?

"Huyu ni wa upande mwingine," Bochaberi akajibu, akipanga samaki. "Mbali na kwetu."

Nyanchera alilisikia na akalibeba neno hilo hadi nyumbani. Lilikuwa zito kuliko samaki. Lori lilipokuwa likipanda na baridi ikirudi alijiuliza kama mtoto alikuwa akimkinga, au kama alikuwa amesema kweli yake. Maana Kiswahili cha soko kina ubaya huo. Mtu akikwambia iko sawa, huwezi kujua kama iko sawa. Kwa Kigusii angejua kwa namna sauti ilivyoshuka. Na huenda mtoto naye alikuwa akijiuliza usiku, kwenye nyumba yake ya bati, kama huyu mama anakuja mbali namna hii kwa ajili yake au kwa ajili ya ngege. Akimwona hivyo, hangekuwa na makosa. Kwa vitendo vyote alivyomwonyesha, alikuwa mteja.

Samaki wenyewe aliwachoma na kuwala peke yake, polepole, akitoa mifupa na kuipanga ukingoni mwa sahani. Hakumpa jirani hata mmoja.

Kisha ikaja siku ya soko ambayo Bochaberi hakunyanyuka kuwapanga samaki wake. Alimwambia Persis ampe mama wa ndizi yule mkubwa. Nyanchera akaona namna alivyokaa, magoti mbali kidogo, kiganja kimewekwa kiunoni, na hakuhitaji neno la mwalimu yeyote. Alitaka kupiga magoti pale pale matopeni. Alichukua samaki, akatoa ndizi, akaondoka haraka kuliko siku nyingine zote, kwa sababu kiapo sasa kilikuwa kimepata mahali pa kuangukia. Masoko yaliyofuata aliogopa hata kuuliza kama nyumba inavuja. Alisimama, akaonyesha kidole, akabadilisha, akarudi. Usiku alikuwa akijiambia kwamba mtoto akizaliwa salama, basi, atafikiri upya. Atamwona hata mchungaji. Kuna wakati.

Aliyemwambia kwamba hakuna wakati ni Persis, mwezi wa Julai, siku ya jua kali.

Alifika amechelewa, lori lilipata pancha Oyugis. Upande wa samaki ulikuwa umeanza kupungua, na gatini palikuwa na meli imefunga, watu wakipanda na kushuka na mizigo. Gunia la Bochaberi lilikuwa limekunjwa. Mahali pake palikuwa na samaki mmoja tu, ngege mpana kama sinia, amefunikwa kwa jani. Mwenyewe hakuwepo.

"Umechelewa, mama wa ndizi," Persis akasema. "Ulitaka kumkosa mwenzangu. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Nyanchera hakuelewa mwisho ni nini. Persis akamwelezea kwa mikono na kwa sauti kubwa, kama mtu anavyomwelezea kiziwi. Mume wa nyar Kisii amehamishwa na wakubwa wa meli. Anakwenda Mwanza, Tanzania, upande ule wa ziwa ambao hauonekani. Meli inaondoka leo. Nyar Kisii anakwenda naye, na tumbo hilo, kule ambako hana mtu. Atazaa huko, nani ajue watarudi lini. Sasa amekwenda kuchukua vitu vyake. Persis alisema haya yote huku akifukuza korongo kwa kandambili. Habari ilikuwa yake ya kumwambia mteja, na mteja alikuwa na haki ya kujua kwamba soko lijalo atafute muuzaji mwingine.

Kisha akalifunua lile jani.

"Huyu ni wako," akasema. "Tangu asubuhi watu wanamtaka. Mhindi wa duka la kona amemtaka. Nyar Kisii amekataa. Kila soko ni hivi, mimi huwa namgombeza. Samaki wa kwanza kutoka kwenye mtumbwi, yule mkubwa, anamweka kando, anasema ni wa mama wa ndizi. Usipokuja, jioni anakwenda naye nyumbani hajauza. Ile wiki ya mafuriko ulipokosa kuja, alikaa hapa mvua inampiga mpaka tukamvuta. Nikamuuliza, huyo mama amekulisha dawa? Akasema hapana, ni mteja mzuri."

Persis akacheka kicheko chake. Nyanchera alisimama ameshika kapu mbele ya tumbo kwa mikono yote miwili. Orpah, aliyekuwa amefuatana naye siku hiyo, alikuwa ametandaza viazi vyake hatua chache tu nyuma yao. Alikuwa amenyamaza, na Orpah kunyamaza ni jambo la kutisha. Maana yake anasikiliza.

Bochaberi alirudi akipita katikati ya vyungu, polepole, mkono kiunoni. Nyuma yake mvulana wa gatini alikuwa akiburuta furushi lililofungwa ndani ya mkeka: sufuria, blanketi, taa. Akaliweka chini, akapewa ndizi mbili, akaenda zake. Mama na binti wakatazamana juu ya samaki.

"Mama wa ndizi," Bochaberi akasema kwa Kiswahili. "Mimi naondoka."

Nyanchera alitafuta katika maneno yake yote. Aliyapekua kama mtu anayetafuta sindano gizani: bei, punguza, inavuja, usingizi, kichefuchefu. Njia yote ile aliyosafiri na Thadeus na baiskeli yake haikuwa imefika hapa. "Ndiyo," akasema. Kisha akaongeza, "Samaki ni mzuri."

"Chukua. Leo sitaki ndizi."

"Hapana. Chukua ndizi." Akazitoa zote, kichana baada ya kichana, akazipanga juu ya furushi, nyingi kuliko mtu anavyoweza kubeba, hata Persis akapiga mluzi. Bochaberi hakukataa. Alizifunga pamoja na mkeka, akiinama kwa shida, na Nyanchera akatazama ile shingo iliyoinama, nywele zilizokatwa karibu na kichwa, kovu dogo nyuma ya sikio alilolipata utotoni alipoanguka juu ya mafiga. Alitaka kuligusa. Mteja hagusi shingo ya muuzaji.

Huko Mwanza watu wangekuwa na lugha yao. Joash angekuwa majini. Uchungu ungemshika mtoto wake usiku au mchana, katika chumba cha kupanga, na wanawake wa nyumba za jirani wangekuja, maana wanawake huja, nao wangemwambia sukuma na vumilia kwa maneno ya kigeni. Na yeye angelia kwa Kigusii, kwa kuwa hakuna mtu anayezaa kwa Kiswahili, na kilio chake kingegonga kuta nne kisimpate mtu wa kukielewa. Nyanchera aliyaona hayo waziwazi kuliko alivyoiona meli. Aliona pia kile kiapo kimekaa mlangoni mwake, kinangoja. Vyote viwili vilikuwa vinamtazama, na kimoja tu ndicho alichoweza kukipa kisogo.

Furushi lilikuwa tayari. Bochaberi alikunja kitambaa kuwa kata, akaiweka kichwani, akageuka kumtafuta Persis, lakini Persis alikuwa amekimbilia korongo aliyenyakua samaki. Mwanamke hajitwiki mzigo mkubwa peke yake. Sokoni yeyote aliye karibu hukutwisha, hata kama hamjuani, na hakuna anayeuliza.

"Mama," Bochaberi akasema. "Nitwishe."

Wakaliinua pamoja, mmoja huku na mmoja huku. Lilikuwa zito. Walipolifikisha juu nyuso zao zilikutana karibu sana, mikono ya wote wawili ikiwa juu imeshika mkeka, hakuna mkono uliobaki wa kufanya jambo lingine lolote. Nyanchera alisikia harufu ya samaki na moshi, na chini yake harufu nyingine aliyoijua tangu siku ilipoanza kuwako duniani. Bochaberi alikuwa akitazama pembeni, midomo imebanwa, akihema kwa ajili ya mzigo. Nyuma yao Orpah alikuwa ameacha kupanga viazi.

Nyanchera hakuliachia furushi. Akasogeza mdomo hadi kwenye sikio lenye kovu, akasema kwa Kigusii, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida:

"Uchungu ukikushika, niite. Nitaitika."